Leso ya Kevina Huko Sevilla

Kevina hajui kusoma, lakini Stockholm haijawahi kumpoteza. Alipofika kutoka Masaka, miaka ishirini na miwili iliyopita, kila alipokata kona alifunga fundo kwenye ukingo wa leso yake: dogo kwa kushoto, kubwa kwa kulia. Akirudi, alianza kufungua la mwisho. Hivyo ndivyo alivyojifunza njia ya kutoka kwake Hallunda hadi Upplands Väsby, kwenye nyumba ya wazee ambako anamenya viazi mpaka leo.

Mumewe Damian alimtania mbele ya wageni. "Mke wangu ana ramani ya pamba." Wageni walicheka. Ramani hiyo, iliyomfikisha Kevina kazini kila siku, ndiyo iliyomsomesha Damian. Darasa la Kiswidi Kevina alikwenda majuma matatu tu, Damian akasema hawawezi kusoma wote wawili, mmoja afanye kazi. "Nikimaliza mimi, zamu yako. Tena nitakupeleka Sevilla, kule Hispania. Wapendanao wote wanakwenda huko, wanapanda magari ya farasi."

Akamaliza. Akapata ofisi, na humo ofisini akampata Felicia. Sevilla alikwenda kweli, Aprili hii, na Felicia, na picha za gari la farasi zikazunguka kwenye simu za Waganda wote mpaka mji wa Södertälje.

Kevina alizitazama mara moja. Kisha akamwambia binti yake Hanna amkatie tiketi ya Julai, wakati wa likizo yake.

"Mamma, Julai kule ni digrii arobaini na tatu. Hata wenyewe wanakimbilia baharini."

"Wakimbie. Siendi kuwaona wao."

"Utakwenda na nani?"

"Na leso."

Hanna akikasirika huhamia kwenye Kiswidi, na hapo alihamia. Alipomaliza, alimweleza baba yake. Damian, ambaye tangu aondoke hakuwahi kupiga simu, siku hiyo alipiga.

"Mama Hanna, usijitie aibu. Nani atakusomea vibao? Siku ya kwanza tu, kabla ya jua kuzama, utampigia mtoto unalia."

"Nisipopiga?"

"Utapiga."

"Basi subiri hapo kwenye simu, Baba Hanna. Usiende hata chooni."

Treni ya Upplands Väsby ndiyo hiyo hiyo inayoendelea hadi uwanja wa ndege wa Arlanda. Safari hiyo ilipofika Väsby, Kevina hakushuka.

Sevilla ilimpokea kama mdomo wa tanuri. Asubuhi ya kwanza alitoka nyumba ya wageni akafunga mafundo kumi na moja mpaka penye magari ya farasi. Farasi walikuwa kivulini, vichwa chini, hawana abiria. Wapendanao aliowakuta ni mume na mke waliokuwa wakigombania chupa ya maji.

Saa nane mchana alianza kurudi, akaukuta mji umefungwa kwa sababu ya joto. Duka la mikate, kinyozi, muuza viatu, alama zote alizoziweka kichwani asubuhi, milango yao ya chuma ilikuwa imeshushwa. Kuta zilifanana. Njiani hapakuwa na hata paka. Kwenye kona ya nne alisimama, akatoa simu. Ilikuwa ya moto kama pasi, na picha ya Hanna ilikuwa juu kabisa. Kidole kikasogea.

Ndipo alipomwona Damian akilini, ameketi sebuleni kwa Felicia, anangoja mlio.

"Kaa hapo hapo," alisema, akairudisha simu kwenye pochi.

Akashika leso. Fundo la nne kutoka mwisho lilikuwa kubwa. Kwenda lilikuwa kulia, basi kurudi ni kushoto. Akakata kushoto. Jasho lilimwingia machoni, akaendelea kwa vidole tu, kama anavyopapasa viazi kutafuta vilivyooza. Alipofungua la kumi na moja, mlango wa kijani wa nyumba ya wageni ulikuwa mbele yake, na bibi mwenye nyumba akampa maji huku akimfokea kwa Kihispania kama mama mzazi.

Jua lilipozama, Hanna ndiye aliyepiga. Kevina aliiacha simu ilie kwanza.

"Mamma, baba yuko hapa. Anauliza kama umepotea."

"Mwambie niko juu ya paa, nakula tikitimaji, miguu ndani ya beseni."

"Anasema, ulirudije?"

"Mwambie mafundo yote nimeyafungua. Limebaki moja."

"Lipi?"

"Lake. Hilo silifungui, maana huko sirudi."

Akakata simu, akakata na kipande kingine cha tikiti.