Ukingo wa Midiria

Zahoro alipoteza kiwanja chake Kariakoo kwa ajili ya ndege. Nakwambia mapema ili usisubiri mwisho mtamu.

Ilikuwa 1931, enzi za Mwingereza. Kiwanja alipewa kwa sharti: nyumba isiposimama kabla ya vuli, kinaenda kwa mwingine. Zahoro, kuli wa bandarini, alikuwa ameshachimbia miti na kufunga fito. Kilichobaki ni kukandika. Udongo mzuri ulikuwa kwenye ukingo wa mto Msimbazi, mwekundu, una mchanga kidogo, haupasuki ukikauka.

Shida ni kwamba mdiria naye anautaka huohuo. Ndege huyu mweusi kwa mweupe utamkuta kila penye samaki, Ruvu mpaka Rufiji, ila hazalii popote tu. Anataka ukingo wima, unaochimbika bila kuporomoka, na anazalia kiangazi maji yakiwa chini. Dume na jike wanachimba tundu refu kuliko mkono wa mtu, mayai yanakaa mwisho kabisa. Madume wasio na majike wanakuja kusaidia kulisha makinda.

Zahoro alipoinua jembe akasikia makinda wanalia ndani ya udongo. Akarudi na debe tupu kwenye chumba walichopanga.

"Wakisharuka nitachimba," alimwambia mkewe, Sitara, mimba yake imeshakuwa kubwa.

"Umenioa mimi au umemuoa mdiria?"

"Siku chache tu, mke wangu."

"Na mimi nikazalie wapi? Nitoboe ukingo?"

Majirani walioahidi kuja kukandika walicheka, wakamwita Baba Midiria, wakaenda kwenye shughuli zao. Ndege ana wasaidizi. Zahoro hakuwa na mtu.

Wiki iliyofuata alikuta ukingo umekatwa wote. Vibarua wa Hamud, mwenye duka mtaa wa pili, walikuwa wanapakia mkokoteni. Makinda wamekanyagwa kwenye tope, hakupona hata mmoja.

"Bwana Hamud, udongo huu niliuacha kwa sababu ya makinda."

"Uliuacha, Zahoro. Mimi nimeuokota."

Mvua ya vuli ikashuka fito zikiwa uchi. Sitara akajifungulia kwa mama yake, na hakurudi. Kiwanja akapewa Hamud, pamoja na miti aliyochimbia Zahoro.

Jua lilipotoka Hamud akatafuta watu wa kukandika. Zahoro akaenda. Alikuwa na njaa, na fito zile alizifunga mwenyewe.