Karoti Zilizorudishwa Ardhini

Saa kumi na moja alfajiri, Zohara Madmoni amepiga magoti kwenye pembe ya shamba huko Lakhish, kusini mwa Israeli, akifanya kazi ambayo hajapata kuifanya katika miaka thelathini na minne ya kilimo. Anazirudisha ardhini karoti zilizokwisha kung'olewa. Kando yake vijana tisa kutoka Argentina wanachimba vishimo kwa vidole, kimya kama wezi.

"Majani yabaki juu," anawaelekeza. "Na msizinyooshe sana, wanangu. Shamba halina rula."

Zohara, mwenye miaka sitini na mmoja, huwasimamia vijana wa Kiyahudi wanaovuka bahari kila mwaka kuja kujitolea. Asubuhi huvuna. Adhuhuri hukaa wawiliwawili kwenye banda la kufungashia, Torati mbele yao, wakisoma na kubishana. Naye hukaa nao, ingawa shule aliiachia darasa la nane. Kwake, kazi bila kusoma huchosha mgongo tu.

Juzi alikwenda mjini kwa daktari wa meno. Vijana wakataka kumfurahisha, na bidii ikawaponza: walivuna shamba lote, hadi pembe inayoachwa kwa ajili ya maskini. Adhuhuri hiyohiyo wakafungua somo la siku: uvunapo shamba lako, pembe usiimalize.

"Siku hiyo hakuna aliyebishana," anasimulia Tamara Szapiro, mmoja wao. "Nilitamani ardhi inimeze."

Wanazuoni wa kale waliacha njia: aliyekosea atoe katika mavuno yake. Lakini Bi Badra, mjane wa miaka themanini na miwili anayekuja kila Alhamisi kuchuma mwenyewe, hapokei cha kupewa. Mwaka jana Zohara alimwachia boksi mlangoni. Likarudi bila kufunguliwa. Leo ni Alhamisi; pembe ikiwa tupu, ataondoka na kikapu kitupu, na kesho ni mkesha wa Sabato.

Saa mbili Bi Badra anafika. Anang'oa karoti ya kwanza, inatoka bila ubishi. Anaitazama, anautazama mstari, kisha anawatazama vijana wanaojifanya kufunga maboksi.

"Miaka ishirini nachuma hapa," anasema bibi huyo. "Leo ndiyo naona karoti zimepanga foleni."

Bi Badra anainama, anang'oa ya pili, ya tatu, mpaka kikapu kinajaa.

"Zohara, binti yangu, kesho jioni niletee hao wakulima wako, supu itakuwepo. Kupanda hawajui, lakini wamelelewa."

Tamara analia. Zohara anacheka mpaka pengo la jino lililong'olewa juzi linamuuma.

Msimu ujao, anasema, vijana watasoma kwanza ndipo waguse mavuno. Lakini ana ombi pia, la mbali zaidi.

"Na mimi nitazeeka," anasema akipangusa udongo magotini. "Siku nikija hapa na kikapu changu, namwomba Mungu nikute watu wa kunifanyia ujinga kama huu."