Mama Kadi na Programu Zinazojiwasha

Hasira za Mama Kadi asubuhi hiyo zilikuwa za haki, tena haki tupu. Alikuwa amewasha kompyuta ya mapokezi ya zahanati tangu saa mbili kasorobo. Saa mbili na nusu bado inajivuta, na benchi limejaa wagonjwa wanaosubiri kuandikiwa kadi. Mganga mkuu akachungulia mlangoni.

"Mama, leo tena? Wakisubiri hivi kesho, mapokezi nampa mtu mwingine."

Miaka kumi na tisa kazini, anaambiwa hivyo mbele za watu!

Kosa la nani? Kompyuta ilikuwa hiyo hiyo moja, na kila aliyeikalia wakati wa chakula aliacha programu yake ijiwashe yenyewe kila asubuhi. Dereva, matokeo ya mpira. Mfamasia, redio. Nesi wa chanjo, mchezo wa karata, mtu mzima na akili zake!

"Hamna haya nyie!" alifoka. "Mnanichimbia shimo, halafu mnaniamkia kwa meno nje?"

"Shoga, si ungesema tu," nesi akajitetea.

"Nimesema mpaka koo limekauka!"

Dereva, aliyejuajua mashine, akamfungulia orodha ya programu zinazojiwasha na kumwonyesha pa kubofya. Redio, zima. Karata, zima. Mpira, zima, dereva mwenyewe akiguna. Wakaiwasha upya. Wapi! Ikajivuta vile vile.

"Imebaki moja," dereva akasema, "na ndiyo nzito kuliko zote. Ya nani hii?"

Ilikuwa ya kupigiana simu za video. Mama Kadi aliiweka mwenyewe, miaka minne nyuma, mwanawe wa pekee alipokwenda ng'ambo kusoma. "Mama, iache ijiwashe," alimwambia, "nitakupigia kila siku kabla wagonjwa hawajaja." Alipiga wiki tatu. Kisha kimya. Picha za harusi ya mwanawe huyo, Mama Kadi alizionea kwenye simu ya jirani.

"Niizime?" dereva aliuliza polepole.

"Toa mkono! Nitaizima mwenyewe. Mjinga yule! Na mimi mjinga zaidi." Akabofya kwa nguvu hadi meza ikatikisika.

Safari hii kompyuta iliwaka hata dakika haijaisha. Mama Kadi akajifuta macho kwa kiganja, akavuta kadi ya kwanza. Mwanamke mmoja akasogea na mwanawe mgongoni.

"Jina la mtoto?" Mama Kadi aliuliza kwa ukali, na yule mwanamke akashtuka, hajui amekosa nini.