Zamu Yangu ya Kutaja Ombi

Jioni nikimenya njegere, hoi kwa kazi, harufu yake mbichi hunirudisha kwenye mkeka wa kwaya ya watoto, kanisani kwetu chini ya milima ya Uluguru. Kabla ya mazoezi kila mtoto alitaja ombi lake. Mimi, msomi tangu utotoni, niliombea viongozi wa taifa.

“Viongozi tena?” Rafiki yangu alinishika mkono, vidole vyake vikinukia njegere za shambani kwao. “Kwenu hakuna shida, wewe?”

Nilitaka kusema salama, kama wiki zote, ila ukweli ukanitoka.

“Mama ameondoka. Hajarudi tangu Pasaka.”

“Sasa nani anapika?”

“Mimi.”

Mazoezi yalipoisha wote walinifuata nyumbani, wakaingia bila kukaribishwa, wakawasha jiko, wakagombania mwiko.