Nilipotaka Kuongezwa Matiti

Watoto sita walinyonya kwangu, na wa mwisho aliyaacha matiti yangu kama mifuko iliyokwisha unga. Sikulalamika. Kwa miaka mingi sikuwa na haja ya kujitazama kifuani isipokuwa nikitafuta pini. Lakini miaka miwili hivi kabla ya Uhuru, mume wangu alianza kujipaka mafuta ya nywele hata siku za kwenda kazini bandarini, ambako kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia, na magunia hayajali nywele za mtu. Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe aliniletea shoga yangu, jirani yetu hapo Magogoni, Kisauni, aliyekuwa yaya kwa Wazungu wa Nyali.

"Shoga, mumeo anaposa Jomvu Kuu. Wallahi nimeambiwa na mtu asiyesema uwongo. Msichana mbichi, kifua kimemsimama."

Habari ya posa iliniuma, lakini ya kile kifua iliniuma zaidi. Niliogopa kuletewa mke mwenza, sifichi. Niliogopa nikipepeta mchele, niliogopa nikifua, na nilijiambia kwamba laiti ningekuwa na kifua changu cha zamani, mume wangu asingekuwa na haja ya kufika Jomvu.

Shoga yangu hakukosa dawa. Memsahibu wake alikuwa ametoka likizo Ulaya. "Alikwenda bapa kama sinia, amerudi kifua kinatangulia mlangoni. Daktari kampasua, kamtia kitu ndani, kamshona. Mimi ndiye ninayefua sidiria zake, za zamani na mpya. Nani atanidanganya?"

Basi nikaenda mjini kwa daktari mmoja Mhindi, mzee aliyewatibu watoto wangu wote surua. Nilimweleza shida yangu huku nikitazama ukutani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, upasuaji huo hapa hakuna. Wanaujaribu huko Ulaya, na wengine wanadhurika." Akanitazama nilivyojifunika buibui tangu utosini hadi visiginoni. "Na ukifanyiwa, nani ataona?"

"Mume wangu."

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hata! Nataka nimshtue."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nikajaze pamba kwanza, nitembee nayo siku chache nione kama naipenda hali hiyo, halafu nirudi tuzungumze. Nadhani alitaka tu nimwondokee, maana nje wagonjwa walikuwa wamejaa. Mimi nikaona ni agizo la daktari.

Pamba sikuwa nayo. Nikafumua mto mmoja, nikatoa sufi, nikashona vifuko viwili na kuvipachika ndani ya sidiria. Nilijitazama kiooni nikajipenda kweli kweli. Jioni nikamwandalia mume wangu chakula, nikainama kuweka sahani, nikainama kuweka maji, nikainama tena kuokota kitu ambacho hakikuanguka. Alikula samaki wake na kutema miba. Mwishowe akainua macho akanitazama.

"Mto wangu uko wapi?" akauliza. "Nilitaka kujinyoosha, sikuuona."

Nusura nimtupie sufuria. Hapo ndipo nilipokata shauri kwenda Jomvu Kuu nikakione mwenyewe hicho kifua kilichosimama.

Jomvu Kuu si ugenini kwangu. Mama yangu alikuwa na nyumba huko, na ndiko nilikojifungua mtoto wangu wa kwanza, maana kwetu mimba ya kwanza mwanamke huenda kuizalia kwa mamake, na arobaini huimalizia huko huko, akikandwa na kufungwa mkaja tumboni. Mume wangu alibaki kazini, akija Ijumaa tu kusimama ukumbini na kuulizia hali. Mama alipofariki mwaka ule ule nyumba iliuzwa, na tangu hapo sikuwa na la kunirudisha.

Nilivuka daraja la Nyali asubuhi, nikapanda basi la Changamwe, kisha nikashika njia ya miguu. Jua lilikuwa kali, na sufi ikilowa jasho huganda. Nilipofika msikitini titi moja lilikuwa limeshuka mbavuni na jingine limepanda karibu na bega. Nikawa naitikia salamu za wapita njia huku nikijirekebisha kwa viwiko ndani ya buibui.

Niliwauliza watoto ni nyumba gani kuna msichana anayeposwa. "Ile pale," wakasema. "Posa yaja leo alasiri!" Na nilipoitazama nyumba yenyewe nikaduwaa, kwani ilipakana na iliyokuwa nyumba ya mama yangu.

Mlangoni palikuwa na ajuza anasuka ukili. Nilimjua mara moja: jirani yetu wa zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu ndoo karibu, mato yangu hayaoni mbali." Akanishika uso, akapiga ukelele wa furaha, akanikumbatia. Ghafla akaniachia, akanibonyeza kifua kwa kidole. "N'nini hiki?"

"Ni mimi, mama."

"Si wewe. Maziwa yako nayajua." Kabla sijajitetea, mkono wake ulikuwa umeshaingia shingoni mwa gauni na kutoka na kifuko kinachovuja jasho. "Umejitia godoro kifuani? Maziwa yaliyomlea mjukuu wangu, leo wayaonea haya?"

Mjukuu wake! Ndipo nilipokumbuka. Bintiye ajuza alijifungua siku zile zile nilizojifungua mimi, homa ya uzazi ikamwua, na kile kitoto kikaletwa kwetu kikilia njaa. Nilikinyonyesha arobaini nzima, titi moja la mwanangu, moja lake. Kisha nikarudi Kisauni, na akilini mwangu kikabaki kichanga miaka yote hiyo. Sikuwahi kufikiri kwamba nacho kinakua.

"Mwari wee!" ajuza akaita. "Ndoo umuamkue mamako!"

"Abee, nyanya!"

Msichana akatoka ndani. Shoga yangu hakudanganya hata chembe kuhusu kifua. Akainama, akanibusu mkono, akasema, "Shikamoo, mama," nami nikaangua kilio palepale, bila kujua kama nalia au nacheka.

Ajuza alipojua kilichonileta, na kwamba mposaji ni mume wangu, ukili ulimwanguka. Kwetu hilo halina mjadala: maziwa ya mke ni ya mumewe pia, na mtoto aliyeyanyonya akashiba ni mwana wao wote wawili. "Yuaja kumposa mwanawe!" akasema, akashika mbavu. "Kaa nyuma ya pazia. Mwache aje."

Akaja, na kanzu nyeupe, na nywele zinang'aa, na wazee wawili, na halwa. Ajuza aliwaacha wanywe kahawa na waseme maneno yao yote mazuri. Ndipo akamwita msichana.

"Shikamoo, baba," msichana akamwambia mume wangu.

Alitabasamu, akidhani ni adabu tu. Nami nikatoka nyuma ya pazia. Ajuza alipokwisha kueleza, mzee mmoja alisema "Subhanallah" na kurudisha mkono kwenye halwa. Mume wangu alitazama mkeka. Nilimhurumia kidogo, kidogo tu.

Tulirudi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na kifuko kimoja kwapani. Tukafika darajani.

"Mama watoto," akasema polepole, "watoto wa watu uliowanyonyesha ni wangapi?"

Alikuwa yule mmoja tu. "Wengi," nikamjibu. "Jomvu, Magogoni, mpaka Likoni. Siwakumbuki wote."

Kesho yake nilianika sufi juani nikairudisha ndani ya mto wake, na kwa daktari sikurudi tena. Na tangu siku ile, kila msichana mzuri alipopita mbele ya nyumba yetu, mume wangu alinitazama mimi kwanza, kifuani.