Nilivyokwenda Migodini Kumrudisha Yohana

Niliondoka Msangano kwa sababu moja: kumrudisha mjukuu wangu Yohana. Migodi ya shaba ya Rhodesia ilimwajiri acheze mpira, na alicheza kweli, mabeki walimkimbia. Sasa goti lilikuwa limeharibika. Baba yake akasema, "Mama, nenda wewe. Mimi atanikatalia."

Mpaka Tunduma nilitembea, kuku kwapani. Hapo nikapanda lori la mahindi, nikakaa juu ya magunia kama chifu. Njiani kuku akataga. Dereva akadai yai liwe lake. Nikamwambia, "Basi njoo ukae huku juu kwenye vumbi, niendeshe mimi!" Akawasha gari.

Migodini nilimkuta Yohana kiwanjani, filimbi shingoni, amesimama nje ya mstari, wenzake wanakimbia.

"Mume wangu," nikamwita, maana kwetu ndivyo bibi anavyomtania mjukuu, "wamekutoa nje? Twende nyumbani, kilema wangu."

"Bibi, siku hizi ndimi ninayewafundisha."

"Unawafundisha kukimbia, na wewe unachechemea?"

Alicheka, kisha akasema kweli. Katika mechi ya kesho yake wakubwa wa mgodi wangempima. "Tukifungwa, kazi imekwisha. Nitarudi na wewe."

Jioni ile nilimwomba Mungu wafungwe.

Kesho yake nilikaa mbele kabisa. Wageni wakafunga bao, moyo wangu ukacheza. Ndipo jitu moja la upande wao likapiga kelele: "Kocha mguu mmoja! Mleteeni mkongojo!" Watu wakaangua kicheko.

Damu ilinichemka. Kumwita kilema ni haki yangu mimi bibi yake. Hilo jitu lina undugu gani naye? Nikasimama, nikakaza kanga kiunoni.

"Wewe tumbo mtungi! Huyo unayemcheka ni mume wangu!"

Yohana hata hakugeuka. Alimwita mchezaji wake wa kulia, akamwonyesha kwa kidole, akamhamishia kushoto, ambako beki wa wageni alikuwa amechoka. Hapo nikatambua kuwa Yohana huona beki amechoka kabla beki mwenyewe hajajua. Vijana wake wakarudisha bao. Wakaongeza la pili. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Nilirudi peke yangu. Mwanangu alinipokea njiani.

"Mama, Yohana yuko wapi?"

"Walishinda," nikamjibu.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka mtu wako arudi kutoka ugenini, usiende kumwangalia akiwa kazini. Na usimtume bibi yake.