Vidole Kumi vya Bi Zuhura

Nikinusa mkeka uliolowa, mpaka leo hurudi utotoni. Nakuwa tena na miaka kumi na moja, ukumbini kwa Bi Zuhura, mtaa wa Malindi, miaka ile ya foleni za mchele. Mvua inapiga dirishani na baba kasimama mlangoni, mwavuli hajaukunja.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Mtoto keshakuwa mkubwa. Leo nnamchukua, akae ndani."

"Marahaba." Bi Zuhura, aliyemsomesha Kurani baba mwenyewe kwa bakora ileile anayotusomeshea sisi, hakuinua macho. "Na Seif?"

"Seif mwanamume. Atamaliza."

Kaka Seif, kando yangu akijikuna, alikuwa juzuu ya kumi na nne, mwaka wa pili sasa. Mimi nimo ya ishirini na mbili. Pamoja na hiyo, zilibaki tisa kutimia thelathini. Nikahesabu tena, pengine nimekosea. Tisa.

"Basi tupatane," akasema Bi Zuhura. "Asome kwa moyo, aya nitakayoitaka mimi. Akikosa, mchukue. Asipokosa, mwache ahitimu."

Mimi niliyekuwa nikibishana na muuza urojo mpaka aniongeze kachori niliona mapatano mabovu. Lakini nani aliniuliza?

Bi Zuhura akaitaka ile aya ya Suratul Ahzab inayowataja Waislamu wanaume na wanawake, waumini wanaume na wanawake, hivyo hivyo jozi kumi, wote kwa msamaha mmoja na ujira mmoja. Akanyoosha vidole, kila jozi akikunja kimoja. Nikafika kwa wanaofunga. Nikawataja wanaume, ulimi ukarukia jozi ya mbele.

"Na wanawake je?" Baba alifoka. "Umewaacha wapi?"

Kidole cha nane cha Bi Zuhura kilibaki nusu, hakikunjwi wala hakinyooki.

"Kakosa," akasema taratibu. "Haya, mchukue."

Baba alikitazama kile kidole. Seif aliacha hata kujikuna.

"Maliza," baba akaniambia. Nikamaliza, kumi kamili. Akageuka. "Usichelewe kurudi. Mvua hii."

Nilihitimu, Seif akafuata baada ya miaka miwili. Muda mrefu nilidhani baba alinihurumia. Sasa najua ningesoma bila kosa, angekuwa kashindwa na mtoto tu, na kesho angekuja na sababu nyingine. Lakini aliyedai wanawake warudishwe kwenye aya alikuwa yeye, kwa sauti yake, mbele ya mwalimu wake. Angeniondoaje tena mkekani?